Damu ya Mzee ya Mapipa Mawili

Dukani walimwita Mama Kwanini, na si kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke asiyeweza kupita karibu na jambo bila kulifunua kidogo aone ndani kuna nini. Saa ya ukutani ikisimama, wenzake walibadilisha betri. Yeye alitaka kujua kwa nini imesimama leo na si jana. Mumewe, fundi wa redio, alishamzoea. "Nikifa," aliwaambia jamaa, "huyu atamhoji kwanza mchimba kaburi, ndipo alie."

Duka lenyewe lilikuwa la nyuzi za kufumia. Rafu zilipanda hadi darini, zimejaa madonge ya kila rangi, na kazi ya Mama Kwanini ilikuwa kompyuta. Mwenye duka aliponunua programu ya kutunza hesabu ya mali na kupokea oda, alimkabidhi yeye. Programu ile ilitaka kila bidhaa iwe na mama na watoto. Uzi wa sweta ndiye mama; watoto wake ni mwembamba mweupe, mwembamba wa bluu, mnene wa bluu, na kuendelea. Mteja akiagiza, karani anambonyeza mama, watoto wanajipanga, anachaguliwa mmoja, na hesabu yake inapungua yenyewe. Aliipenda kazi hiyo. Alimwambia mumewe kwamba hajawahi kuona ukoo ulionyooka namna ile.

"Heri wao," mume akajibu. "Hawana shemeji."

Ndipo alipowagundua mapacha. Karani wa zamani, aliyekwisha kuacha kazi, alikuwa ameingiza baadhi ya rangi mara mbili: unene uleule, jina lilelile, tofauti ni vijinamba tu mwishoni. Orodha ilikuwa ndefu na makarani walinung'unika.

"Kwa nini mara mbili?" aliuliza.

"Ondoa, mama, ondoa," mwenye duka akamwambia. "Safisha hapo tupumue."

Na siku hiyo mtu aliyeuliza kila kitu hakuuliza mara ya pili. Aliwaunganisha mapacha wote, kila rangi ikabaki na mtoto mmoja. Orodha ikawa fupi, wakampongeza. Sifa zina ubaya huo: zinaliziba swali mdomo.

Muda ukapita, hadi asubuhi moja alipoingia wifi yake, dada wa mumewe, kajitwika gunia. Wifi alikuwa na mashine ya kufumia nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepewa kazi ya sweta za shule nzima. Uzi wote alikuwa ameununua hapo, rangi ya damu ya mzee.

"Wifi, leo nimekuja kama mteja. Usinichekee."

"Sijacheka bado."

"Basi toka nje."

"Nje kuna nini?"

"Si wewe unayependa kujua? Toka."

Juani wifi akatandaza sweta moja kwenye kiwiliwili chake. Kifua kilikuwa damu ya mzee iliyokolea. Mikono nayo ilikuwa damu ya mzee, lakini yenye wekundu, kana kwamba imeazimwa kwa mtu mwingine.

"Zote ziko hivi," wifi alisema. "Mwalimu mkuu amezirudisha. Anasema zinaonekana za viraka. Shule ikifunguliwa kabla sijazirekebisha, kazi anapewa mfumaji mwingine, na mimi narudi kufuma soksi za vitoto."

Waliporudi ndani, chini ya taa, tofauti ikapotea. Mama Kwanini akashangaa hadi akasahau kusikitika. Alichukua madonge mawili rafuni, akatoka nayo, akarudi, akatoka tena.

"Jamani, anaanika uzi!" mteja mmoja alicheka. "Umelowa?"

Yeye alikuwa akisoma vikaratasi vilivyofungwa kwenye madonge. Namba ya rangi ilikuwa moja. Chini yake palikuwa na namba nyingine ndogo, na hiyo haikulingana. Akampigia simu wakala wa kiwanda.

"Hiyo ni namba ya mkupuo, mama," wakala akamweleza. "Uzi uliotiwa rangi pamoja, pipa moja. Pipa la leo na la kesho hayawezi kulingana kabisa, hata mpishi awe yuleyule. Anayefuma asichanganye."

Akaweka simu polepole. Sasa alivijua vile vijinamba vya mapacha. Karani wa zamani hakuwa amekosea.

Mwenye duka alipoelezwa, alipunguza sauti. "Mwambie ni jua. Au sabuni. Hajazifua?"

"Hajazifua."

"Basi mwambie ni kiwanda."

"Kiwanda kiliandika. Aliyefuta ni mimi."

"Wewe nawe! Huyo ni wifi yako, atameza."

"Ndiyo maana siwezi kumlisha uongo."

Wengi siku hizi wakiharibu kazi husema ni mfumo, kana kwamba mfumo una vidole vya kubonyezea. Mama Kwanini alimrudia wifi yake aliyekuwa akingoja pale dukani, akamweleza tangu mapacha hadi pipa.

Wifi alimkazia macho. "Yaani wewe, unayemuuliza kuku kwa nini ametaga, uzi wangu ndio hukuuliza?"

"Sikuuliza, wifi. Nisamehe."

"Ningekupiga, ila sijui hizi sweta nimwachie nani anishikie."

Wakaketi sakafuni, gunia katikati. Mama Kwanini akaigeuza sweta moja huku na huku, kisha akauliza.

"Wifi, kwa nini mikono tu ndiyo inatofautiana?"

"Kwa sababu nafuma viwiliwili vyote kwanza, mikono baadaye. Uzi wa mwanzo uliishia kwenye viwiliwili."

"Kwa hiyo kila sweta imekosana na yenyewe, haijakosana na jirani yake."

Wifi akainua kichwa.

"Fumua nusu ya viwiliwili," Mama Kwanini akaendelea, "uzi wake uwe mikono ya vile vinavyobaki. Halafu fumua nusu ya mikono, uongeze uzi wa pipa lake, ufume viwiliwili vipya. Utapata sweta za pipa hili kamili, na za pipa lile kamili."

"Na uzi wa kuongeza upo?"

Hilo ndilo hakulijua. Kompyuta ilionyesha rundo moja, kwa sababu yeye ndiye aliyelifanya moja. Ikabidi rafu nzima ya damu ya mzee ishushwe, ibebwe hadi barazani, na madonge yatenganishwe juani moja baada ya jingine. Yaliyopoteza vikaratasi yalizua ubishi. Mwenye duka alinuna, kisha akakunja mikono ya shati, akachuchumaa nao. Uzi wa pipa la pili ulitosha, kwa kubana.

"Na mwalimu mkuu?" wifi aliuliza. "Zikichanganyika mstarini hataona."

"Ataona, kwa sababu tutamwambia."

Sweta zilipokwisha kufumwa upya, wakaenda wote wawili. Mwalimu mkuu alizikagua sweta mpya uwanjani, akageuza mikono, akavuta kola. Akaamua madarasa ya chini yavae za pipa moja na ya juu za jingine, na kazi ikabaki kwa wifi. Kisha akauliza, "Kwa nini mmeniambia? Mimi nisingegundua."

"Ndiyo maana tumekuambia," Mama Kwanini alijibu.

Kwenye programu sasa kila rangi ina watoto wake tena, kila mmoja na namba ya pipa lake, na oda ya mfumaji haikubali mapipa mawili mpaka karani amuulize mwenyewe. Orodha imerefuka. Makarani wananung'unika, naye anawaacha wanung'unike.

Wifi bado ananunua hapo. Ila hafungi gunia mpaka achukue donge la juu na donge la chini, atoke nayo hadi juani. Mara ya kwanza makarani waliguna, wakamwangalia Mama Kwanini waone kama ameudhika.

"Yanafanana?" aliuliza kutoka kwenye kompyuta.

"Tulia, wifi. Bado natazama."

Naye akatulia.