Inapatikana Kwetu Tu

Kompyuta yetu ilikuwa mtumba, kama mashati yetu. Niliinunua Kariakoo kwa sehemu ya kiinua mgongo, mwaka ule shirika letu lilipobinafsishwa na sisi wa kaunta tukaambiwa ahsanteni kwa utumishi wenu. Mke wangu alikuwa mpiga chapa hodari, basi tukaiweka chumba cha mbele, pale Ilala, tukabandika karatasi mlangoni: tunachapa barua, risala na maombi ya kazi. Yeye alichapa, mimi nilipokea watu. Kupokea watu ndiyo kazi niliyoijua.

Halafu akafa. Sitaeleza sana. Aliumwa, akalazwa, akafa. Watu wema walinijia wakaniambia nilie nipate nafuu, na walinikera, maana walisema kana kwamba nimeyaficha machozi makusudi. Sikuwa nayo. Nilikuwa naamka, nakunywa chai, nakaa. Mtu akiulalia mkono usiku huamka akaukuta umekufa ganzi. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, mchana kutwa.

Tulibaki wawili, mimi na binti yetu aliyekuwa darasa la sita. Alikuwa mtoto msemaji, wa kuijibu hata redio. Baada ya mazishi akanyamaza. Hakununa, aliamkia, alikula, aliosha vyombo, alikwenda shule. Nami sikuwa na la kumwambia. Tukawa tunapishana ukumbini kama wapangaji.

Yeye ndiye aliyeigundua gemu. Ilikuwamo ndani ya ile kompyuta tangu ilikotoka ng'ambo, vile unavyonunua koti Mchikichini ukakuta tiketi ya treni ya watu mfukoni. Watu wawili wako pangoni, mmoja ana taa, mwingine ana kamba. Mwenye taa asipomulika, mwenye kamba haoni pa kuitupa. Kamba isipotupwa, mwenye taa hapandi. Huwezi kuicheza peke yako. Alijaribu, nilimsikia akijaribu, vidole vyake vikikimbia kutoka upande mmoja wa kibodi kwenda mwingine, na kila mara mtu mmoja anaporomoka. Mwishowe akaja akasimama mlangoni kwangu.

"Baba, njoo ushike kamba."

Nikaenda. Tangu siku hiyo, tukishamaliza kula jioni, tulikaa kwenye benchi moja mbele ya mashine, bega kwa bega kwa sababu kibodi ni moja. "Mulika." "Tupa." "Subiri, baba, subiri." "Haya, sasa." Mazungumzo yetu yote ya siku yalikuwa hayo, na yalitosha. Sisemi nilikuwa na furaha, maana sikuwa nayo. Lakini kwa muda ule nilijua mkono wangu uko wapi na una kazi gani.

Baada ya arobaini, dada mkubwa wa marehemu alikaa nami kitako. Anaishi Morogoro, mumewe ni mfanyabiashara, na wana mabinti wawili. Hakuja kwa ubaya. Alisema mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanamume peke yake, tena mwanamume anayeshinda amekaa kama gunia la mkaa. Alisema hivyo hivyo, usoni kwangu, na sikukasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tukakubaliana kwamba likizo ya mwisho wa mwaka ikikaribia kuisha atarudi, na mtoto mwenyewe aseme anataka kukaa wapi.

"Hatumlazimishi," alisema. "Atakachosema ndicho."

Nikasema sawa. Mimi nilitaka abaki. Ndicho kitu pekee nilichokitaka mwaka ule mzima, ingawa hata kukitaka kwenyewe nilikutaka kwa mbali, vile mtu anavyoisikia adhana akiwa bado usingizini.

Gemu ikaisha wiki ya kwanza ya likizo. Wale watu wawili walifika kwenye mlango wa jiwe, wakasimama, na yakatokea maandishi. Binti aliyasoma polepole kwa Kiingereza chake cha shule, akanigeukia.

"Inasema inaendelea. Kuna ya pili?"

"Inaonekana ipo."

"Tutaipata?"

"Kariakoo kuna kitu hakipatikani?" nikamwambia, na nilisema kwa uhakika kabisa.

Asubuhi nikaenda kwa yule mzee wa Kihindi aliyeniuzia mashine. Ukoo wao uko mtaa ule tangu babu yake. Walianza na vipuri vya redio, na kompyuta zilipoingia wakauza kompyuta. Nilipenda kununua kwake kwa sababu hasemi hakuna. Wenye maduka wa Kariakoo hawasemi hakuna, wanasema kaa. Unapewa stuli, unaagiziwa soda, mwenye duka anatokea mlango wa nyuma kwenda kwa jirani, kisha anarudi na kitu chako mkononi kana kwamba alikuwa nacho stoo. Jirani amepata chake, yeye ameweka cha juu kidogo, nawe hukuzunguka juani. Kila mtu anajua, na hakuna anayeuliza.

"Kaa," akaniambia, akatoka.

Nikakaa. Soda ikaja, nikainywa ikaisha, chupa ikachukuliwa. Alirudi mikono mitupu. Sikuwahi kumwona hivyo miaka yote niliyomfahamu. Nadhani na yeye hakujua mikono yake aiweke wapi, maana alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Ndugu yangu, hiyo ipo duka moja tu. Lile jipya la vioo, pale kona. Wamepewa wao peke yao Bongo nzima. Nimewaomba moja, nimewaambia nalipa bei ile ile ya mteja. Wamesema hawatoi kwa jirani."

"Hainakiliki?"

"Mpwa wangu kajaribu. Diski inakataa. Wanaiweka wenyewe kwenye mashine, inafungwa humo humo." Akaendelea kufuta. "Tena hawamuuzii mtu aliyenunua mashine kwingine. Chema chajiuza, si ndivyo mnavyosema? Hiki chema wao wamekifungia. Mtu anataka gemu, inabidi anunue na mashine yao. Na mimi hizi zangu nimuuzie nani?"

Nikamwambia pole. Nilikuwa nimeambiwa neno hilo sana mwaka ule, lilikuwa karibu na mdomo.

Duka la vioo lilikuwa na kiyoyozi. Ukutani waliandika kwamba mteja ni mfalme, na chini yake, juu ya maboksi ya ile gemu yaliyopangwa nyuma ya kioo, waliandika kwa herufi nyekundu: INAPATIKANA KWETU TU. Wafalme tulipanga foleni. Mbele yangu alikuwa kijana aliyetoka Buguruni na mashine yake kaibeba kifuani, kaifunga kwa khanga.

"Dada, hii yangu ni kali kuliko hizo zenu zote," alikuwa akimwambia binti wa kaunta. "Kwa nini isikubali?"

"Itakubali, kaka. Sisi ndio hatukubali."

Watu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka, halafu akasimama pale pale bila kujua afanye nini na ule mzigo. Mwishowe akatoka nao.

Nilipomtazama yule binti wa kaunta nilimwelewa vizuri. Shirika letu lilikuwa hivyo. Redio na baiskeli za nchi hii zilipita kwetu tu, na watu walikuja na vibali vyao nasi tukawaambia hakuna, njooni wiki ijayo, kwa sauti ile ile isiyo na ubaya wala wema. Kisha ikaja ruksa. Tukaambiwa sasa kila mtu atanunua anapotaka, kwa hiyo ninyi hamhitajiki, nendeni. Nikaenda. Na sasa nimesimama hapa, soko ni huria na mimi ni mnunuzi huru, ilimradi ninunue kwao. Ilistahili kuniudhi. Nilingoja niudhike, haikutokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mashine umenunua wapi?" Kabla sijajibu alitupa jicho kwenye mlango wa ofisi ya bosi wake, akainama kidogo, akapunguza sauti. "Umenunua hapa hapa kwetu, si ndiyo?" Kalamu alikuwa ameshaishika.

"Hapana," nikasema. "Nimenunua mtaa wa pili."

Alinitazama muda kidogo. Akaiweka kalamu chini.

"Basi haiwezekani, mzee wangu. Nani anafuata?"

Nyumbani nilimsimulia binti yangu yote, neno kwa neno, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kutoa taarifa. Kaunta, kijana wa Buguruni, swali, jibu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema.

Tulijaribu kuicheza upya ile ya kwanza. Lakini tuliijua yote, hapakuwa na haja ya kuambiana mulika wala tupa, na tulifika mlangoni bila kusema neno. Kesho yake hakuniita. Alikaa barazani akisuka nywele za mtoto wa jirani, mimi nikakaa ndani. Siku zilizobaki za likizo zilikwisha hivyo. Nilijua kwamba natakiwa kusema kitu, hata cha kipuuzi, na kila nilipofungua mdomo nilimuuliza kama amekula.

Mama yake mkubwa alikuja Jumapili na mumewe, na gari lao la mizigo, na sufuria ya pilau. Tulikula pamoja mkekani. Yule mume ni mtu mchangamfu, hapendi kimya, basi akawa anamchekesha mtoto.

"Na wewe unajua mambo ya kompyuta? Wenzako juzi nimewanunulia moja, pale Kariakoo, kwenye duka la vioo. Wakatupatia na gemu juu yake, mapango sijui nini. Hawalali wale!"

Binti yangu aliinua kichwa. Kisha akakirudisha kwenye sahani.

Vyombo vilipotolewa mama mkubwa alimwita karibu, akamshika mkono. "Haya, mwanangu. Sema mwenyewe, hakuna atakayekasirika. Unataka kukaa wapi?"

Hakunitazama. Alikuwa anavuta ukindu uliochomoka kwenye mkeka.

"Kwa mama mkubwa ile ya pili ipo," akasema.

Wakacheka kwa upendo, watoto ni watoto. Nami nikacheka, kwa kuwa ndicho walichokuwa wanafanya wengine. Nikasema vizuri, tukafungashe nguo.

Binti alikuja nyuma yangu chumbani. Nilikunja sare zake, nikakunja magauni, yeye akanipa viatu kimoja kimoja. Zipu ya begi ilikuwa inagoma. Nilikuwa nimepiga magoti ninaivuta alipouliza, kwa sauti ya chini ili wa nje wasisikie.

"Baba, yule dada alipokuuliza mashine tulinunua wapi. Si ungesema kwao?"

"Isingekuwa kweli."

"Alikuwa anataka useme."

"Wangeomba risiti."

"Ungesema imepotea."

Zipu ikakubali. Niliendelea kuishika. Nilimwona kwa mara ya kwanza tangu mazishi, namaanisha nilimtazama usoni, na uso wake haukuwa wa mtoto anayekwenda kwenye gemu. Alitaka kubaki. Likizo nzima alikuwa anangoja nimwambie uongo mmoja mdogo wa kumbakiza, na mimi nilikuwa nimejibu swali la dukani kwa ukamilifu. Nje gari lilipigwa honi.

"Twende, baba," akasema, "watachelewa." Nikalibeba begi mimi, kwa sababu lilikuwa zito.