Mpira wa Bwana Ramji Chini ya Kiatu Changu

Bado naona nilionewa. Bwana Ramji, mteja wangu tangu mitumba iruhusiwe Kariakoo, alinialika fainali ya gofu. Alikuwa anaongoza, amebakiza shimo moja achukue kombe. Mpira wake ukaangukia miguuni pangu, kwenye majani yaliyolowa mvua, na watu wakasogea. Kariakoo, kitu cha mteja kikianguka unakikanyaga kwanza, mwingine asikiokote, kisha unamwita mwenyewe. Nikaukanyaga kwa uzito wangu wote.

"Bwana Ramji, njoo, nimekulindia."

Alikuja amekunja uso. "Mzee Kondo, nani atauiba hapa? Ondoa mguu."

"Hata asante huna?" nikamuuliza mbele za watu.

Nikainua mguu kwa hasira. Mpira haukuonekana. Palikuwa na alama ya soli yangu tu, ikijaa maji.