Kamera ya Kibindoni

Majina hayanipotei. Niulize watoto wote niliocheza nao mtaani kwetu Kasingirima kabla sijavunja ungo, nitakutajia, na baba zao, na yule aliyekufa kwa surua, na yule aliyechukuliwa na shangazi yake kupelekwa ng'ambo ya ziwa. Humu sitamtaja mtu, maana wengi hawapo wa kuniruhusu, lakini wote ninao. Kinachonipotea ni sura. Jina la mama yangu ninalo, sauti yake ninayo, hata harufu ya mawese mikononi mwake ninayo, ila nikifumba macho nimtazame naona kanga tu imesimama. Hakupigwa picha hata moja.

Baada ya mume wangu kufariki nikaona na yeye ameanza kufutika hivyo hivyo. Hapo nikamwogopea wifi yangu. Huyu ni dada yake mume wangu, ndiye aliyenipokea siku ya kwanza nilipoingia kwao kama bibi harusi, akanicheka mbele za watu kwamba nimefunga mtandio kama mgonjwa wa meno. Tukawa hivyo maisha yetu yote, kutaniana. Alipoolewa na mvuvi akahamia Kagunga, huko juu karibu na mpaka wa Burundi, na akabaki huko hata alipofiwa. Katika nyumba ile niliyoolewa, tuliobaki ni yeye na mimi. Nilitaka sura yake kabla haijaniponyoka.

Mtasema simu zipo. Zipo, za wajukuu, na wajukuu wanaondoka nazo. Yangu mimi ni ya vitufe, ya kupokea na kupiga. Nikamwambia mjukuu wangu, mwalimu wa huko Tabora, nataka kamera yangu mwenyewe, isiyopigiwa simu wala kuingia salamu za watu. Alicheka, lakini alipokuja likizo alinichukua kwa bajaji hadi mtaa wa Mwanga, duka la kamera.

Mwenye duka ni mtu mzima, mpole. Aliniamkia shikamoo, akaweka kamera mbili juu ya kioo. Moja ndogo, nyembamba, kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichotumika nusu. Nyingine kubwa, ina pua nene mbele na mkanda mpana wa kuvaa shingoni. Akanipiga picha kwa kila moja, palepale nimesimama, akazitia kwenye kompyuta na kuzikuza. Ile ya kamera kubwa nikaona nyuzi za mtandio wangu, nikaona na kovu dogo la tetekuwanga ambalo nilisahau kama ninalo. Ile ya kamera ndogo ilikuwa nzuri ikiwa ndogo. Alipoikuza, uso ukamegekamegeka kama uji uliolala.

Akanieleza kwa upole. Ndogo inabebeka, haichoshi, kwa picha za nje kwenye mwanga inatosha. Kubwa ni mzigo, lakini inaona hata ndani ya nyumba yenye giza. Mjukuu wangu akanikonyeza nichukue kubwa. Nikaichukua, nikauvaa ule mkanda, nikajitazama kwenye kioo cha mlangoni.

Nilichoona ni kikongwe mwenye kanga ya kufulia kaning'iniza kitu kifuani kama wale wazungu wanaoshuka kwenye meli, au kama wapiga picha wa harusi za Ujiji. Nikafikiria kupita nayo Kibirizi, pale tunapopandia boti za Kagunga, ambapo wanawake wote wanaoanika dagaa wananijua tangu nina meno. Uso ukaniwaka moto. Nikaivua, nikasema nataka ile ndogo. Nikasema safari ya Kagunga ni ya boti, mtu anatembea majini kanga imepandishwa, huo mzigo utalowa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, wala mjukuu hakubisha. Akalipa tukatoka.

Ile ndogo niliifutika kibindoni, pale kiunoni ninapofutika pesa na funguo. Kamera gani hii, nikajiambia, mtu hata hajui unayo. Niliipenda kwa hilo. Nikipika nilikuwa nayo, nikigeuza dagaa kwenye chanja nilikuwa nayo. Likionekana lile jicho lake la kioo lina vumbi nililipangusa kwa pembe ya kanga, kama unavyompangusa mtoto pua. Niliwapiga picha kuku, nikampiga jirani yangu akiwa amenuna. Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma kila kitu kilikuwa kizuri.

Nikapanda boti kwenda Kagunga. Wifi yangu alinipokea ndani, maana miguu ilikuwa imemvimba na hakutaka wapita njia wamwone anavyojikokota. Nilipomwambia nimekuja kumpiga picha akanitania sana, akasema nimeanza kazi ya kijana uzeeni. Lakini aliagiza aletewe kitenge chake kipya, akajifunga, akajipaka mafuta usoni, akakaa juu ya mkeka chumbani kwake ameegemea ukuta. Nikamwomba twende nje kwenye jua. Akakataa. Wagonjwa wa kwao, akasema, hawaanikwi nje kama dagaa. Sikumlazimisha. Nikapiga picha zangu tano sita mle gizani, kamera ikawa inamulika kama radi, na yeye kila ikimulika anacheka.

Mjini nikaenda studio kuzisafisha, nikaomba moja ikuzwe ya kuweka ukutani. Kitenge kilitoka vizuri, kila ua. Mkeka ulitoka. Pale juu ya kitenge, palipotakiwa kuwa na wifi yangu, palikuwa na kitu cheupe kama unga, kina ukungu, chenye mashimo mawili na kicheko. Nilimwonyesha mjukuu wangu kwa simu ya jirani. Akasema tungechukua ile nyingine, Bibi. Tulijua wote wawili kwamba pale dukani sikuogopa maji.

Ningeweza kwenda kubadilisha wiki ileile. Nilikuwa na muda na nguvu. Nikawa najiambia baada ya mfungo, halafu baada ya Idi, halafu upepo ukitulia. Kila nikipita njia ya Mwanga nauona ule mkanda mpana moyoni, nashuka upande wa pili wa barabara.

Habari ikaja kwa watu wa boti. Wifi yangu amepooza upande mmoja, anaongea kwa taabu, lakini mzima.

Siku hiyo nilikwenda dukani peke yangu. Mwenye duka alikubali kuipokea ile ndogo, mjukuu wangu aongezee juu kwa simu. Akaifungua apate kuikagua. Mchanga ukamwagika juu ya kioo cha duka, mchanga wa Kibirizi kabisa, na magamba mawili ya dagaa. Akainusa. Akachukua kitambaa cheupe akasugua lile jicho, kitambaa kikatoka na doa la rangi ya machungwa.

"Mama," akasema taratibu, "hii kamera ulikuwa unaikaangia?"

Yalikuwa mawese. Pembe ya kanga yangu, ile niliyokuwa napangusia, ndiyo hiyo ninayofutia mikono jikoni. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nalipaka mafuta lile jicho, nikidhani nalisafisha. Kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu, mmoja akageuka ukutani mabega yakimtikisika. Nilisimama pale kama mtoto aliyejikojolea darasani. Hilo lilinitokea kweli darasa la tatu, na ndiyo sababu mojawapo sikurudi la nne, kwa hiyo naijua aibu hiyo inavyokaa. Mwenye duka mwenyewe hakucheka. Nilipomsimulia ile picha ya wifi yangu, akaniambia hata ingekuwa safi isingemweza mtu mwenye mafuta usoni ndani ya chumba cha giza, basi nisijibebeshe yote. Akanivalisha ile kubwa yeye mwenyewe na kunionyesha pa kubonyeza. Akanikataza kuligusa jicho lake kwa kitu chochote isipokuwa kitambaa alichonipa.

Haiingii kibindoni. Nikiitia kwenye kikapu italowa au itakaliwa na mtu botini. Basi nikashuka Kibirizi nimeivaa shingoni, asubuhi, wanawake wote wako kwenye vichanja. Mmoja akauliza kwa sauti kama meli ya watalii imefika. Mwingine akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mzungu," na kichanja kizima kikacheka. Wa tatu akaweka mkono kiunoni akajigeuza ubavu apigwe. Nilitembea nikitazama mchanga. Sikumjibu hata mmoja, na kila jina lao ningeweza kulitaja na la bibi yake. Kamera ilinipiga kifuani kila hatua hadi majini, na dereva wa boti akanyoosha mikono akaipokea kwanza kamera, mimi baadaye.

Nilipoingia kwa wifi yangu nilikuwa nimejiandaa kumkuta mgonjwa. Nilikuta uso wake umeondoka. Upande wa kushoto umeshuka, jicho limelegea, mdomo umevutwa kama kuna mtu ameshika uzi. Mkaza mwanawe alikuwa anamfuta mate kwa kitambaa. Nikamsalimia, nikakaa, nikaisukuma kamera mgongoni chini ya mtandio. Nikaanza habari za mjini, bei ya mchele, nani kazaa. Nikamsimulia na vituko vya Kibirizi, walivyoniita mzungu, ili acheke. Alicheka kwa upande mmoja. Halafu akaninyooshea kidole kifuani kwenye ule mkanda.

Nikamwambia nitampiga siku nyingine, akipata nafuu. Akatikisa kichwa. Maneno yalimtoka moja moja, na mkaza mwana akawa anayarudia pale nisiposikia, lakini haya niliyasikia mwenyewe.

"Umeivaa mbele ya Kibirizi nzima," akasema. "Kwangu ndiyo unaona haya?"

Ningekuja na kamera ile mara ya kwanza, ningemchukua uso wake wote, na kicheko chake kilichonyooka. Yeye alijua. Safari hiyo nilikuwa nimemletea ile picha ya kwanza ndani ya kikapu, nikamtolea, naye akaitazama muda mrefu akasema kitenge anakifahamu, ila huyo aliyekivaa hamjui. Mkaza mwana akacheka, mimi nikashindwa.

Akaagiza kitenge kilekile. Tukamfunga, nikamwegemeza ukuta uleule. Nikabonyeza. Kamera kubwa haikumulika hata kidogo, ilikaa kimya ikaona. Kwenye kioo cha nyuma alikuwapo kamili, kope, jasho la juu ya mdomo, mstari ule uliovutwa. Nilitaka kuifuta. Akaomba kuiona, nikamshikia. Akasema ikuzwe, iwekwe fremu.

Studio, fundi wa picha aliitazama kwenye kompyuta akaniuliza kama nataka amnyooshe. Sikumwelewa. Akashika kile kipanya, akavuta, akavuta, na mdomo wa wifi yangu ukapanda taratibu ukalingana na mwenzake. Jicho likafunguka. Sekunde chache tu. "Hakuna atakayejua, mama," akasema.

Nilikaa mbele ya ile sura nikaitamani. Nilitaka kuipeleka Kagunga nijisahaulishe kwamba kuna wakati nilikuwa na nafasi ya kumpata hivyo bila fundi. Lakini huyu hakuwa yeye pia. Wifi yangu alikuwa na meno ya mbele yaliyopishana, na akicheka alikuwa anapandisha upande wa kulia kwanza, tangu ujana. Fundi alikuwa amempa kicheko cha mtu wa kwenye kalenda. Nikamwambia arudishe kama ilivyokuwa. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, maana wateja wote huchagua kunyooshewa. Nikasema nina hakika, mara zote mbili.

Niliipeleka mwenyewe. Mkaza mwana akagonga msumari sebuleni, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione, kwa amri ya mgonjwa mwenyewe. Watu wakaja kumjulia hali, wakaisifu, wakasema imetoka safi, mpaka nyuzi zinaonekana, nani aliyepiga. Wifi yangu akanyoosha kidole kwangu kila mara. Wengine wakanipa mkono. Mzee mmoja jirani akaniomba nikampige na yeye na mkewe. Nilikuwa natazama miguu yao.

Walipoondoka nikajisogeza kwenye mkeka wake, pale sebuleni alipokuwa amekalishwa, nikakaa nimeipa picha ile mgongo, kama mtu anayekwepa upepo wa mlangoni. Nikaanza tena habari za mchele. Wifi yangu hakuzisikiliza. Kwa ule mkono wake mzima alikuwa anapigapiga mkeka upande wa pili, karibu naye, mahali ambapo mtu akikaa anatazamana na ukuta wenye picha. Nilijifanya sioni. Akapiga tena.

Nikahama.