Pikipiki Iliyokaa Eda

Juzi nilimwona kijana wa bodaboda pale Lindi akiosha kabureta kwa petroli, na ile harufu ikanirudisha Rutamba, uani kwa bibi.

Babu alipofariki, bibi alikaa eda ndani, amevaa nyeupe. Pikipiki ya babu nayo ikaingizwa chumbani, ikafunikwa shuka jeupe. Bibi alipotoka eda alioga, akafukizwa udi, akavaa khanga mpya. Pikipiki ikabaki mle mle. Niliamini eda yake ni ndefu zaidi, kwa kuwa ilimpenda babu kuliko sisi sote. Sikujua kwamba madukani hapakuwa na plagi wala matairi.

Miaka ikapita, maduka yakaanza kujaa vitu. Alasiri moja baba mdogo akaitoa pikipiki nje uani, akaifunga plagi na matairi mapya, akaanza kuosha injini kwa petroli. Nikajua siku yake imefika. Nikakimbilia jikoni, nikatia makaa na udi kwenye chetezo, nikaja nacho mbio.

"We mtoto, rudi nyuma!" Bibi alininyang'anya chetezo, akakifukia mchangani. "Unataka kutuunguza?"

"Naitoa eda, bibi," nikalia.

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka. Aliitazama pikipiki kwa muda, kisha akaingia ndani, akatoka amejitanda khanga yake ya sikukuu.

"Haya, mwanangu, iwashe. Nipeleke mpaka sokoni."

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikanguruma, kuku wakatawanyika, na moshi mzito ukaufunika ua mzima, bibi akiwa katikati yake.

Nikafuta machozi. Kumbe imejifukiza yenyewe.