Kijiti cha Kona ya Kinamasi

Neno lenyewe nalifundisha kila mwaka shuleni kwangu Tororo: allot, kumpa mtu fungu lake. Watoto wanaliandika, wanalisahau, tunaendelea. Lakini mpakani hapa huhitaji shule kulijua. Wachuuzi wa sokoni Busia wameshalifanya lao: kibanda hiki nimealotiwa, kile kimealotiwa shemeji wa fulani. Na kila mtu anajua kwamba nyuma ya kualotiwa kuna mkono wa mtu.

Ukoo wetu nao unalo. Baba alipokwisha kuzikwa na matanga kuvunjwa, baba mdogo alituketisha nyumbani Masinya tugawane shamba. Tulikuwa mama, kaka zangu wawili, wazee wachache, na mimi binti pekee, ambaye sijaolewa wala sina haraka. Kaka mkubwa alikuwa ameshapima na kuchomeka vigingi: vipande viwili vipana vya juu, penye mihogo na mtama, na kona nyembamba ya chini, kinamasi kitupu.

"Wewe mwalimu," akasema baba mdogo, "tunakualotia hiyo ya chini. Utalima tu mpaka bwana akuje, halafu inarudi kwa vijana."

Damu ilinichemka. Mimi niliyemwogesha baba katika ugonjwa wake wote, leo naazimwa matope!

"Baba mdogo," nikamwambia, "hilo neno nalijua mpaka ukoo wake."

Nikawaeleza. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa wa zamani, na ndani yake limo neno la kale zaidi, lenye maana ya kura. Kila mtu alitia alama kijiti chake, vikachanganywa, na kilichotoka ndicho kilichosema. Mgawaji hakuwa na jicho la kumpendelea mtu.

"Kama mnanialotia, leteni vijiti. Vitatu."

Mzee mmoja akaguna. Mwanamke na kura ya shamba wapi na wapi? Hapo mama akafungua kinywa.

"Kwani sisi wamama wa kanisa, tukilimiana mashamba kwa zamu, tunajuaje tuanze kwa nani? Si tunapiga kura? Na hawa watoto, viazi nilikuwa nawagawia namna gani? Mwenye kukata anachukua ya mwisho. Leo huyu mkubwa ndiye amekata."

Kaka mkubwa akaruka. "Na mimi nikiangukia kwa kinamasi?"

"Utalima mpaka bwana akuje," nikamjibu.

Wazee walicheka hadi mmoja akashikwa na kikohozi. Baada ya kicheko kile hakuna aliyeweza tena kukataa.

"Basi ngojeni kwanza," kaka akasema. Akateremka hadi kwenye ile kona, akang'oa vigingi, akavisogeza juu kupita kichuguu, kona ipanuke. Akageuka, akatazama ukubwa wa kona, akavisogeza tena hadi katikati ya mihogo. Hakuna aliyemtuma. Wengine waliendelea kucheka, lakini mimi hasira ilizidi. Kumbe alijua! Tangu mwanzo alijua kwamba ile kona si fungu la mtu.

Mama alivitia vijiti vitatu alama, kila kipande cha shamba na yake, akavitikisa ndani ya kikapu, akakifunika kwa kitambaa. Kaka mdogo akatoa chake, kipande cha juu. Nikatia mkono. Alama ya kijiti changu ilikuwa ya kona ya chini.

Baba mdogo akapiga makofi. "Si nilikwambia? Ni ile ile!"

"Siyo ile ile. Ile mlikuwa mnaniazima. Hii nimeitoa kwa mkono wangu mbele yenu, bwana aje asije."

Sikungoja kesho. Jioni hiyo hiyo nilipanda mimea ya mpaka, ile ya majani marefu ambayo kwetu kuing'oa ni kutafuta ugomvi na ukoo mzima. Nilifuata vigingi vya kaka pale pale alipovisogeza mwenyewe, hata shubiri moja sikuongeza. Kwa hiyo nina kinamasi, nina kichuguu, na nina mihogo.

Juzi ng'ombe wa kaka mkubwa alivuka kwenda kunywa maji kwangu. Kaka alimfuata mbio, akafika kwenye majani marefu, akasimama.

"Hodi, dada," akaita.

Nilimsikia vizuri sana. Nikamwacha aite tena.