Mjukuu wangu namba tisa hajui kutuliza mpira: kazi ya kocha, ya mzazi au ya nani? Tikiti lilituamulia

Wakuu, habari za mihangaiko. Watakaoniamkia, marahaba zao hizi hapa kabisa.

Mimi ni mzee wa Mkongo, Rufiji. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo herufi zikinipotea mnivumilie. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na nilipokosea mimi nitasema.

Nina mjukuu, Mwajabu, yupo chuo cha ualimu mwaka wa pili. Anacheza mpira, namba tisa timu ya wasichana. Mbio anazo. Hizo katoa kwa bibi yake, maana huyo bibi enzi zake ukimuudhi humkamati. Tuyaache hayo.

Shida ilikuwa moja. Mpira ukija mrefu hatulii nao. Unamgonga unaruka, kama umepiga bati.

Likizo iliyopita kaja kanuna. Kocha kamwambia akirudi vilevile, mashindano ya vyuo hayumo.

Bibi yake akamtania, "Mke mwenzangu, ukiachwa huko usije kunigombania mzee wangu hapa." Siku zote Mwajabu hucheka. Siku ile akasukuma sahani ya ubwabwa, akatoka nje.

Nikampigia kocha. Mwalimu, mtoto si tumekukabidhi wewe?

Akanijibu kwa heshima tu, "Mzee wangu, nina wachezaji zaidi ya ishirini na uwanja napewa saa moja. Kutuliza mpira mtoto aje nako kutoka nyumbani."

Nikamgeukia mwanangu, baba yake Mwajabu. Akanijibu, "Baba, mimi nimempeleka akawe mwalimu. Ya mpira waulize wa mpira."

Na mimi? Nikasema kipaji anatoa Mungu, nikajiona nimemaliza.

Watu wazima watatu tunapigiana pasi, mwenye shida yupo katikati anatutazama.

Ikafika siku ya kupakia matikiti. Kwa msiokujua huku, lori haliingii bondeni, litazama. Tunapanga mstari toka shambani hadi barabarani, tikiti linarushwa mtu kwa mtu. Kazi hiyo nimeifanya tangu sina mvi.

Mwajabu kila likizo nilimkataza kuingia mstarini. Nilisema msichana wa chuo atavunjika kucha. Siku hiyo mtu mmoja hakutokea, akaingia yeye bila kuniuliza, akasimama baada yangu. Maana yake mimi ndiye namrushia.

La kwanza likampasukia kifuani.

Mstari mzima ukaangua kicheko. "Namba tisa huyo, kapokea na nyanya yote ya wiki!" Maana nguo ilikuwa nyekundu tupu.

Sasa kwetu kuna utaratibu. Tikiti likipasuka hatuulizi nani kakosea. Aliyerusha na aliyepokea wanatoka mstarini wote wawili, wanalila pamoja mpaka liishe, wenzao wakiwasema. Ndiyo adhabu, na ukishakula mawili utaiona ni adhabu kweli.

Tukakaa tunakula, maji yanatuchirizika viwikoni. Akanambia, "Babu, unanirushia kama una ugomvi na mimi."

Nikamwambia, "Na wewe unalipokea kama una ugomvi nalo. Mkono umeukaza. Likija rudi nalo kidogo, kama unapewa mtoto mchanga."

Tukarudi mstarini. Mimi nikapunguza nguvu, yeye akawa anarudi nalo. Tukala mengine mawili, tumbo ngoma. Baada ya hapo halikupasuka tena.

Jioni namwona uani na mpira wake. Anaurusha juu, anaupokea kwa mguu, mguu unashuka pamoja na mpira. Hilo la mguu sikumfundisha. Kajiongeza mwenyewe.

Aliporudi chuoni akamsimulia kocha habari ya tikiti. Halafu akamwomba winga wake, yule anayempigia krosi, wawe wanabaki wawili baada ya mazoezi. Uwanja hawana, wakatumia nyuma ya bweni. Kocha alianza kwa kuwatazama tu, mwisho akawa ndiye anayewarushia.

Kwenye mashindano aliingia kipindi cha pili. Hakufunga, nisiwadanganye. Ila ilikuja krosi ndefu, mguu ukashuka nayo, ikatulia, akamwekea mwenzie akafunga.

Baada ya mechi kocha akanipigia. Nikajua anakuja kujisifu.

Akasema, "Mzee, mimi nilikuwa namtoa mstarini peke yake. Matikiti yakiiva tena nakuja, kuna langu la kula."

Wakuu, somo langu ni hili. Ujuzi wa kupokea nilikuwa nao mikononi miaka yote, nikamnyima mtoto kwa kudhani haumhusu. Baba yake naye sasa anauliza ratiba ya mechi, taratibu atafika.

Wenye watoto wachezaji, na nyie makocha mlio humu, kwenu tikiti likipasuka anakula nani? Andikeni. Nasoma polepole ila nasoma yote.