Jioni Magreth Alipowaita Washairi

Magreth alipopangiwa kazi ya ukutubi katika chuo kimoja cha ualimu pale Mtwara, ndugu zake wa Peramiho walimpa pole kana kwamba amefiwa. Watumishi wengi waliotoka mikoa mingine waliihesabu Mtwara kuwa adhabu, wakaishi wakisubiri uhamisho. Yeye alipanga chumba mtaa wa Rahaleo, akazoea ugali wa muhogo, na haukupita muda mrefu majirani wakawa wanamwita kwenye misiba na arusi kama mtu wa kwao.

Kilichomkera ni kimoja. Jioni, akitoka kazini, aliwakuta akina mama wa mtaani wakitwanga muhogo huku wakitupiana beti kwa sauti, mmoja akiuliza, mwingine akijibu, wote wakicheka. Na kule maktaba alikotoka, rafu ya mashairi ilikuwa imejaa vumbi. Wanachuo waliikumbuka mitihani ilipokaribia tu.

Akajipa moyo, akaenda kwa mkuu wa chuo, Mwalimu Josephu, mtu mwema lakini mwoga wa lawama.

"Mwalimu, naomba jioni moja tuwaite watu wa mtaani waje wasome mashairi yao maktaba."

"Mashairi ya kujenga taifa?"

"Yatakuwemo."

Mwalimu Josephu akapangusa miwani yake. "Basi mwalike na katibu wa tawi la chama. Akiwepo yeye, hakuna atakayekuja kuniuliza mimi."

Wa kwanza kualikwa na Magreth alikuwa jirani yake, Mwanakombo. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mwenyeji wa Kilambo, kando ya mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, vita vya Wareno vilikuwa vimepamba moto, na watu wa kando ya mto walipohamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mpaka, yeye aliishia Rahaleo kwa kaka yake. Kwa kutunga hakuwa na mpinzani mtaa mzima.

"Maktaba si ndiko mnakokataza watu kusema?" aliuliza Mwanakombo, mchi mkononi.

"Siku hiyo ruhusa, mama."

"Na kucheka?"

"Na kucheka."

"Haya. Nitakuja na shairi langu la muhogo."

Siku ilipofika watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Akina mama wa Rahaleo waliketi upande mmoja na kanga zao mpya, wanachuo upande wa pili, na mbele kabisa Mwalimu Josephu na katibu wa tawi, Ndugu Selemani, kalamu mkononi. Kila msomaji aliposimama, Ndugu Selemani aliandika jina lake na habari ya shairi lake. Mwanachuo mmoja alisoma beti nyingi mno za kusifu jembe. Mzee wa chama cha ushirika akasoma la korosho, watu wakacheka hadi machozi. Magreth, aliyekuwa akiwaita wasomaji mmoja mmoja, alianza kupumua vizuri.

Kisha akamwita Mwanakombo.

Mama huyu alisimama, akafunga kanga vizuri kiunoni. Hakuanza la muhogo.

*Nyumba nimeihamisha, nguzo zote zimefika,*
*Vyungu nimevipakisha, hakuna kilovunjika,*
*Kaburi lanikondesha, majani yalifunika,*
*Kilambo nimebakisha, mwana asiyehamika.*

Hata Magreth, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakuwa amewahi kusikia kwamba Mwanakombo alizika mtoto kule. Mwalimu Josephu akageuka, akamtazama Magreth kwa jicho kali, na kwa kidole akamwonyesha amwite msomaji mwingine. Magreth alielewa. Shairi juu ya kuhamishwa, mbele ya katibu wa chama! Aliufungua mdomo ili amwite msomaji mwingine, akamwona Mwanakombo bado amesimama, hajui akae au atoke nje.

"Mama," Magreth akasema, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni, "turudie ubeti huo. Na sisi tukuitikie."

Mwanakombo akarudia. Akina mama wakaitikia mstari wa mwisho, kisha wanachuo nao, taratibu, kama watu walio mazishini. Katikati ya itikio hilo Magreth aliona Ndugu Selemani amefunika kalamu yake na kuitia mfukoni.

Watu walipotawanyika, Mwalimu Josephu alimwambia Magreth kwa ukali kwamba maktaba ni ya vitabu na kwamba hapatakuwa tena na jioni kama ile. Magreth akaitikia, "Sawa, Mwalimu," akaanza kupanga viti huku machozi yakimtoka.

Ndugu Selemani alimkuta hapo. "Dada Magreth, yule mama amewahi kuomba ruhusa ya kwenda Kilambo?"

"Ataombaje? Huko si wanajeshi watupu?"

"Aje ofisini kesho. Na wewe ufuatane naye, asiende peke yake."

Wiki iliyofuata, kibali mkononi, Magreth na Mwanakombo walipanda lori la jeshi lililokuwa likipeleka chakula. Kilambo ilikuwa pori. Nyumba zilikuwa zimeanguka, moto wa kiangazi ulikuwa umepita, na mkorosho uliokuwa alama ya kaburi haukuonekana. Mwanakombo alizunguka huku na huko, akisimama, akirudi, midomo ikimcheza. Askari aliyewasindikiza aliwakumbusha kwamba lori halingewangoja sana.

Hatimaye Mwanakombo akapiga magoti mahali palipokuwa sawa na mahali pengine pote.

"Ni hapa," akasema.

Magreth hakumuuliza amejuaje. Alichukua jembe walilokuja nalo akapalilia, Mwanakombo akang'oa mizizi kwa mikono, kisha akainua viganja akamwombea mtoto wake, Sharifa, aliyekufa kwa surua. Magreth, Mkristo wa Peramiho, alikaa kando yake na kichwa ameinamisha mpaka dua ikaisha.

Njiani wakirudi, Mwanakombo alilala usingizi mzito begani kwa Magreth, lori likiruka mashimo asijue.

Mashairi hayakurudi maktaba mwaka ule. Yalihamia uani kwa kaka yake Mwanakombo, kila Jumamosi alasiri baada ya swala. Magreth alikuwa akija na mkeka wake. Jumamosi ya nne walisikia hodi, na alipotazama alimwona Mwalimu Josephu amesimama pale uani, kofia mkononi, akiuliza kama kuna nafasi ya kukaa. Akina mama wakasogea.